C.L.R. James na Tundu la Ukutani

Mwezi Juni mwaka 1971 mzee mmoja wa miaka 70 alisimama mbele ya vijana weusi katika mji wa Atlanta, Marekani, akaanza kuzungumzia kitabu chake mwenyewe. Kitabu hicho, The Black Jacobins, yaani Majakobini Weusi, alikuwa amekitoa mwaka 1938, na ndicho kilichompa jina duniani. Wengi wetu tungekwenda pale kuchukua makofi yetu na kurudi nyumbani. Yeye akawaambia kwamba kama angekiandika upya angekiandika vingine. Mwaka 1938, alisema, aliwaeleza watumwa kwa kutegemea maneno ya watu waliowatazama kwa nje, wengi wao wazungu. Sasa angewatafuta watumwa wenyewe waseme walichokuwa wanafikiri.

Ndugu msomaji, hebu jiulize: ni waandishi wangapi unaowajua wenye ubavu wa kusimama hadharani na kukosoa kitabu chao bora kuliko vyote? Mimi hapa nikiambiwa nibadili beti moja ya shairi langu nanuna wiki nzima.

Mzee huyo ni C.L.R. James wa Trinidad. Vijana wa siku hizi wanamtaja sana na kumsoma kidogo, na wanaomtaja humkata vipande. Mpenda historia anachukua Haiti yake. Mwanasiasa anachukua Umajumui wa Afrika. Mpenda michezo anachukua kriketi. Matokeo yake hatuoni jinsi fikra zake zilivyokua kutoka hatua moja hadi nyingine. Makala haya yanajaribu kuifuata njia hiyo, na kusema pia pale ninapoona mzee alijikwaa.

Hoja yangu ni moja. Maisha yote James alisumbuliwa na swali hili: nani anafikiri? Je, ni kiongozi na msomi wanaofikiri kwa niaba ya umma, au umma wenyewe unafikiri na sisi wenye kalamu ndio tusiosikia? Alianza kulijibu katika hadithi fupi akiwa kijana. Falsafa yake ilichukua miaka 40 kuifikia hadithi hiyo. Na kila aliposimama mbele ya kiongozi aliye hai, falsafa ile ilimponyoka kidogo mkononi.

Dirishani na uani

James alizaliwa Trinidad tarehe 4 Januari 1901, mtoto wa mwalimu. Katika kitabu chake Beyond a Boundary cha mwaka 1963 anaeleza kwamba nyumba waliyoishi ilitazamana na uwanja wa kriketi. Mtoto akipanda juu ya kiti dirishani aliuona mchezo, na kutoka kiti kilekile aliweza kuvifikia vitabu vilivyokuwa juu ya kabati. Jirani yao alikuwepo Matthew Bondman, mtu mchafu, mkali, asiye na kazi, ambaye familia ya James ilimdharau. Lakini Bondman akishika gongo la kriketi, uwanja mzima ulitulia kumtazama. Mtoto alijiuliza: inakuwaje mtu asiye kitu awe na uzuri wa namna hii? Swali hilo la dirishani halikumtoka hadi kufa.

Akapata nafasi katika Queen's Royal College, shule ya wakubwa wa kisiwa. Akasoma Kiingereza chao, vitabu vyao na adabu zao. Ulipofika wakati wa kuchagua klabu ya kriketi, ilibidi achague pia upande katika jamii, maana Trinidad ya wakati ule klabu zilifuata rangi na tabaka. Shannon ilikuwa ya weusi wa kawaida, makarani na walimu; humo alicheza Learie Constantine, rafiki yake. Maple ilikuwa ya machotara wenye nafasi zao. James alikuwa mweusi, ila elimu ilimfungulia mlango wa Maple, naye akaingia. Baadaye aliandika bila kujificha kwamba uchaguzi ule ulimtenga na watu wake na kuchelewesha ufahamu wake wa siasa kwa miaka mingi. Mshikaji, soma sehemu ile taratibu. Mtu anaanza habari za falsafa yake kwa kukiri kwamba alichagua klabu vibaya.

Lakini kalamu yake ilikuwa imeshaanza kwenda upande mwingine. Mwaka 1929 yeye na Alfred Mendes walitoa jarida dogo lililoitwa Trinidad. Yalitoka matoleo mawili tu, moja Krismasi na la pili Pasaka ya mwaka 1930, likafa. Sisi tunaohangaika na majarida madogo tunaijua hadithi hiyo vizuri. Ndani yake James alichapisha hadithi fupi, "Triumph", kuhusu wanawake watatu wa uani, Mamitz, Celestine na Irene, katika zile nyumba za vyumba vya kupanga ambamo familia nyingi huchangia uwanja mmoja, bomba moja na siri zote. Wanagombana, wanasaidiana, wanarogana, wanatafuta hela ya kodi. Wanaongea kwa lugha yao. Waungwana wa kisiwa walikasirika: mambo ya uani yanaandikwaje kwenye karatasi nzuri?

Kisha ikaja riwaya yake pekee, Minty Alley, iliyochapishwa London mwaka 1936. Mhusika wake, Haynes, ni kijana mwenye elimu kidogo anayefanya kazi katika duka la vitabu. Mama yake amefariki, hela haitoshi, anakwenda kupanga chumba katika nyumba ya watu wa chini. Katika ukuta wa chumba chake kuna upenyo. Haynes anachungulia. Kupitia hapo anaona mapenzi, usaliti, kazi na vilio vya watu ambao shule ilimfundisha kuwakwepa. Pole pole wanamfanya mshauri wao. Lakini wao ndio wanaoishi, yeye anatazama.

Kwa maoni yangu, tundu lile la ukutani ndilo ufunguo wa James. Msomi yuko upande mmoja wa ukuta na umma uko upande wa pili. Anawapenda, anavutiwa nao, anawaandika vizuri kabisa, lakini ukuta bado upo. Yote aliyoyafanya baadaye naweza kuyasoma kama jitihada za kutoka katika chumba cha Haynes.

Kiongozi katikati ya moto

Mwaka 1932 James alikwenda Uingereza. Alikaa kwa Constantine katika mji wa Nelson, Lancashire, mji wa viwanda vya nguo na wafanyakazi wakaidi. Huko alimsoma Trotsky, akamsoma Marx, akawa mfuasi wa Trotsky na adui wa Stalin. Italia ilipoitishia na kisha kuivamia Ethiopia mwaka 1935, aliongoza chama cha kuitetea nchi hiyo, pamoja na watu kama Jomo Kenyatta. Rafiki yake wa utotoni, George Padmore, alikuwepo London naye. Wakati huo uhuru wa Afrika ulionekana ndoto ya mchana, na hawa wachache walikuwa wanakutana vyumbani kuupanga.

Katika hali hiyo ndipo alipoandika The Black Jacobins. Kisa chake ni mapinduzi ya watumwa wa Saint-Domingue, koloni tajiri la Ufaransa lenye watumwa wapatao laki tano. Waliinuka Agosti 1791. Wakapigana na majeshi ya Ufaransa, Hispania na Uingereza, na tarehe 1 Januari 1804 Dessalines akatangaza uhuru wa Haiti.

Kitabu kina mambo mawili makubwa, na mambo hayo mawili yanavutana. La kwanza ni wazo ambalo wenzake hawakuwa nalo. James alisema watumwa wa mashamba ya miwa, waliofanya kazi kwa mamia mahali pamoja penye mitambo ya sukari, walifanana na wafanyakazi wa viwanda wa zama zetu kuliko kundi lolote la wafanyakazi wa wakati wao. Hawakuwa washamba waliosubiri kustaarabishwa. Walikuwa watu wa kisasa kabla ya Ulaya kujua neno hilo linamaanisha nini. Hapo alimgeuza Marx akatazama visiwani, na umma ukawa katikati ya historia ya dunia.

La pili ni Toussaint L'Ouverture. Kila ukurasa unamwelekea yeye: akili yake, farasi wake, barua zake. James anajua kwamba mtu hatengenezi historia peke yake, na anasema hivyo. Lakini mwandishi ana macho, na macho ya James yamekwama kwa shujaa. Hata anguko la mapinduzi analieleza kupitia kosa la shujaa. Toussaint aliacha kuwaeleza watu wake anachokifanya. Aliwabembeleza wazungu wenye mashamba, wafanyakazi walipoasi mwaka 1801 akaruhusu Moïse, aliyekuwa kama mwanawe na aliyependwa na watu hao, auawe kwa risasi. Mwaka uliofuata Wafaransa walimkamata, na Aprili 1803 akafia katika ngome ya Fort de Joux, milimani Ufaransa, kwenye baridi.

Ukikisoma vizuri unaona kitabu kinajua jibu ambalo mwandishi wake hajalifikia. Kosa la Toussaint, kwa maelezo ya James mwenyewe, ni kudhani kwamba yeye ndiye anayefikiri na wengine wanafuata. Lakini mwandishi anamwandika kwa namna ileile, yeye mbele na wengine nyuma. James bado yupo kwenye tundu la ukutani, ila safari hii ameshika darubini.

Kalamu kama sikio

Mwaka huohuo wa 1938 akaenda Marekani, akabaki huko miaka 15. Aprili 1939 alikutana na Trotsky huko Mexico, wakajadili suala la weusi. James alishikilia kwamba mapambano ya weusi wa Marekani yana nguvu yake yenyewe na hayangoji ruhusa ya chama chochote cha wafanyakazi.

Kisha kikaja kipindi ambacho wasomaji wengi hukiruka kwa sababu ni kigumu. Pamoja na Raya Dunayevskaya, mzaliwa wa himaya ya Urusi, na Grace Lee, binti wa wahamiaji wa Kichina mwenye shahada ya udaktari wa falsafa, James aliunda kikundi kidogo ndani ya wafuasi wa Trotsky. Walijiita kwa majina ya bandia. Yeye alikuwa Johnson. Wanawake hao wawili hawakuwa makatibu muhtasi wake. Dunayevskaya alisoma Kirusi, Lee alisoma Kijerumani, na mwaka 1947 kikundi kilitoa kwa Kiingereza sehemu za maandiko ya ujanani ya Marx zilizotafsiriwa na Lee, wakati hapakuwa na wengi waliozijua. Nalisema hili makusudi, kwa sababu ukimwita James fikra pekee ya kikundi kile unarudia kosa lilelile la kumtazama shujaa.

Walikuwa wanatafuta nini? Walitaka kujua imekuwaje mapinduzi ya wafanyakazi wa Urusi yakazaa dola inayowakandamiza wafanyakazi. Jibu lao lilikuwa kwamba Urusi ya Stalin ni ubepari wa dola: bosi amebadilika, kiwanda ni kilekile. Mwaka 1948 James akaenda mbali zaidi katika Notes on Dialectics, maandishi yaliyozunguka kwa mkono miongoni mwa wenzake na kuchapwa kama kitabu miaka mingi baadaye. Humo alimsoma Hegel sambamba na historia ya vyama vya wafanyakazi.

Nikieleza kwa lugha ya kijiweni, anachokipata kwa Hegel ni hiki. Fikra zetu huganda. Tunaunda chombo cha kupambana na tatizo fulani, chombo kinafanya kazi, tunakipenda, kisha tatizo linabadilika na sisi bado tumekumbatia chombo. Chama kinachojiita kiongozi wa umma kilikuwa jibu la wakati wake. Wakati ule ukapita. Sasa chama chenyewe kimekuwa ukuta. Kwa hiyo kilichobaki ni umma kujipanga wenyewe katika viwanda na mitaa yao. Mwaka 1951 James na wenzake waliachana kabisa na vyama vya Trotsky. Wafanyakazi wa Hungary walipounda mabaraza yao mwaka 1956, bila chama kuwaamuru, James aliona ushahidi mbele ya macho yake, na katika kitabu Facing Reality cha mwaka 1958 akaufanya msingi wa siasa yake.

Falsafa hiyo ilikuja na namna ya kuandika, na hapa ndipo sisi tunaojifunza uandishi tutege sikio. Mwaka 1942 James alikuwa Missouri kusini-mashariki kati ya vibarua na wakulima wa mashamba ya pamba waliogoma. Kilitakiwa kijitabu cha mgomo. James alieleza baadaye kwamba aliwakalisha, akawauliza kila mmoja anataka kusema nini, yeye akashika kalamu na kuandika. Kikundi kikaufanya huo kuwa utaratibu: mwenye elimu anyamaze, mfanyakazi aseme, kalamu iandike. Hapo, kwa mara ya kwanza, msomi amevuka ukuta akaketi chumba cha pili.

Mwaka 1956 akatoa insha juu ya Athens ya kale, na kichwa chake kinadai kwamba kila mpishi anaweza kutawala. Anasifu jinsi raia wa Athens walivyochaguana kwa kura ya bahati nasibu kushika kazi za serikali, wakiamini kwamba mtu wa kawaida ana akili ya kutosha. Ni insha tamu. Lakini wanawake wa Athens hawakupiga kura, na watumwa hawakuwa raia. James anayajua hayo, ila hayamsimamishi. Mwandishi wa watumwa wa Haiti anapita mlangoni kwa watumwa wa Athens kwa haraka mno. Mpishi wa Athens, tuseme ukweli, mara nyingi alikuwa mtumwa.

Tanzia

James aliondoka Marekani mwaka 1953 baada ya kuzuiliwa katika kisiwa cha Ellis. Miaka kumi baadaye The Black Jacobins ikatoka tena, na kwa mtazamo wa haraka ni kitabu kilekile. Kumbe alikuwa ameongeza nyongeza ndefu inayotoka kwa Toussaint hadi Fidel Castro, pamoja na aya kadhaa ndani ya sura ya mwisho. Mhakiki David Scott wa Jamaika alizichambua aya hizo katika kitabu chake cha mwaka 2004, akaonyesha kwamba zinabadilisha sura ya kisa kizima. Mwaka 1938 kilikuwa kisa cha ushindi. Mwaka 1963 James anamweka Toussaint katika tanzia: mtu ambaye ukubwa wake na kosa lake vinatoka katika chanzo kimoja. Elimu ya Ulaya ndiyo iliyompa upeo wa kuwaza uhuru, na elimu hiyohiyo ndiyo iliyomzuia asione jinsi ya kuupata bila Ufaransa.

Kwa nini mwaka 1963? Kwa sababu James alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake. Mwaka 1958 alirudi Trinidad kumsaidia Eric Williams, aliyekuwa mwanafunzi wake Queen's Royal College na sasa kiongozi wa kuleta uhuru. Alihariri gazeti la chama, The Nation, na kupitia humo alipigania Frank Worrell awe mtu mweusi wa kwanza kukabidhiwa unahodha wa timu ya West Indies kwa ziara nzima. Worrell akapewa, akaipeleka timu Australia mwaka 1960. Lakini mwaka huohuo James na Williams wakakosana, na James aliondoka kisiwani siku chache kabla ya uhuru wa Agosti 1962. Aliporudi mwaka 1965 kuripoti kriketi, serikali ya mwanafunzi wake ilimweka kizuizini nyumbani. Akaachiwa, akaunda chama cha wafanyakazi na wakulima, akaingia katika uchaguzi wa mwaka 1966. Hawakupata hata kiti kimoja. Mwanafalsafa wa umma alikataliwa na umma, na hakuna dayalektiki inayoweza kulifuta hilo.

Viongozi walio hai

Sasa nifike mahali panaponiuma mimi, msomaji wake wa Afrika Mashariki.

Kwamé Nkrumah alipoipatia Ghana uhuru mwaka 1957, James alimwona kama mmoja wa wakubwa wa karne. Ilichukua muda kabla hajasema neno gumu hadharani. Nkrumah alipomfukuza jaji mkuu mwezi Desemba 1963 kwa sababu hukumu haikumpendeza, James akavunja naye. Nampa heshima kwa hilo. Lakini wafanyakazi wa reli na bandari wa Sekondi-Takoradi walikuwa wamegoma mwaka 1961, na viongozi wao wakawekwa ndani. Aliyewasikia vibarua wa Missouri angeweza kuwasikia na hao.

Kisha akaja kwetu. Mwaka 1969 James alikitanua kitabu chake cha zamani juu ya maasi ya weusi, akaongeza sura yenye sifa kubwa kwa Tanzania. Alilipenda Azimio la Arusha la Februari 1967, hasa miiko ya viongozi: kiongozi asiwe na hisa, asiwe na mishahara miwili, asipangishe nyumba. Aliipenda elimu ya kujitegemea. Alimwona Mwalimu Nyerere akifanya jambo ambalo vyama vya Ulaya havikulifikiria, na baadaye akamlinganisha na mawazo ya Lenin ya siku za mwisho.

Sisemi alikosea kuyaona mazuri, yalikuwepo. Ninachosema ni kwamba aliyaona kwenye maandishi ya kiongozi. Mwaka uleule wa 1969, mwezi Septemba, Kamati Kuu ya TANU ilivunja Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, umoja wa vijiji ambao wakulima wa Litowa na wenzao waliuanzisha wenyewe, wakilima pamoja, wakiamua pamoja, wakiendesha shule yao wenyewe. Kama kulikuwa na mahali Afrika ambapo kila mpishi alikuwa anatawala, ni pale. Chama kilikiua kile ambacho James alikuwa amekitafuta kwa miaka 20, na sifa zake zilikwenda kwa mwenyekiti wa chama. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikitwaa kiwanda wakakiendesha. Hiyo ndiyo Hungary yake, iko hapa. Ukitaka kuisoma, hutaipata kwenye sura ile ya mwaka 1969 wala kwenye hotuba za wakubwa.

Wapo watakaosema namwonea mzee, kwamba alikuwa mbali, kwamba Afrika ilikuwa inashambuliwa pande zote na haikuwa busara kuitia dosari mbele ya maadui. Hoja hiyo ina uzito. Na tukumbuke kwamba mwaka 1974, Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulipofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, James, mmoja wa walioupigia mbiu, alikataa kuhudhuria kwa sababu vikundi vya upinzani vya Karibiani vilifungiwa mlango ili serikali zao zisiudhike. Mzee wa miaka 73 anasusia sherehe aliyoisaidia kuandaa. Hapo falsafa yake ilirudi mkononi.

Lakini kuwa mbali ndilo tatizo lenyewe. Kutoka mbali, kinachoonekana ni kiongozi. Ndiyo maana alihitaji kalamu ya Missouri, na alipoikosa, macho yakarudi kwa Toussaint.

Walter Rodney wa Guyana, ambaye alisoma katika kikundi cha James London akiwa kijana, kisha akafundisha Dar es Salaam kati ya mwaka 1966 na 1974 kwa vipindi viwili, aliuawa kwa bomu Georgetown tarehe 13 Juni 1980. Mwaka 1981 James alizungumza juu yake kwa uchungu na kwa ukali: alisema Rodney hakuwa ameisoma vya kutosha sanaa ya kutwaa madaraka. Wengi walichukia, msiba haujapoa mtu anakosoa. Mimi nasikia kitu kingine. Nasikia mwalimu ambaye aliwafundisha vijana kuuamini umma, na sasa, mbele ya kaburi la bora wao, anajiuliza kama aliwafundisha pia kwamba adui ana bomu.

Tunabaki na nini

James alifariki London tarehe 31 Mei 1989, katika chumba kidogo Brixton, juu ya ofisi za jarida la vijana weusi. Alizikwa Trinidad. Aliyeanza na jarida dogo alimalizia juu ya jarida dogo.

Sisi tunaoandika kwenye kurasa kama hizi tuna ugonjwa wa Haynes. Tunaishi kwenye vyumba vya kupanga, tunasikia kila kitu kupitia ukutani, na tukikaa kuandika tunawaandika majirani zetu kama vile hawana akili ya kujieleza. Mama ntilie kwenye hadithi zetu analia tu. Kondakta anatukana tu. Akija mtu wa kufikiri, lazima awe mwanafunzi wa chuo, tena ana kitabu kwapani. Na tukiandika siasa, tunaandika rais huyu na rais yule, kana kwamba nchi ni watu watatu.

James hakupona kabisa ugonjwa huo. Alichokuwa nacho ni kitu adimu: alikuwa anajisoma. Kitabu kilekile alikirudia mwaka 1963, akakifanyia tamthilia mpya iliyochezwa Ibadan mwaka 1967, akakikosoa Atlanta mwaka 1971, na kila mara swali lilikuwa nani bado hajasema humu ndani.

Kwa hiyo ukimaliza toleo hili, chukua hadithi yako uliyoipenda zaidi, ile uliyowasomea watu wakapiga makofi. Hesabu ndani yake ni nani anafikiri na nani anachunguliwa. Kisha tuandikie tujibizane.